Mtori wa Abdiel

Tekla hupika na kuuza mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mtaani Sokon One, na mafundi ujenzi humfuata hata wakihamia saiti za Elerai. Mtori wake mzito, nyama ipo, hana ujanja wa kuongeza maji. Mimi ni jirani yake hapa Kimandolu na ninamjua: hajawahi kumpunja mtu chakula. Ndiyo maana yaliyomkuta yananiuma.

Kila asubuhi alimwachia mwanawe Abdiel, wa miezi kumi, hotipoti ya mtori uliopondwa vizuri. Mtoto alibaki na bibi yake, mama mkwe wa Tekla, Bibi Kaanaeli wa Machame.

Mwezi uliopita, kliniki, mzani ulionyesha Abdiel hajaongezeka uzito kwa miezi mitatu.

"Mama Abdiel, mtoto huyu ana njaa," muuguzi alimwambia. "Umri huu anahitaji chakula kizito, nusu kikombe kila mlo, mara tatu au nne kwa siku. Katikati mpe kitu kidogo, parachichi au ndizi mbivu. Na aendelee kunyonya."

"Mbona namwachia zaidi ya hicho, nesi?"

"Basi hakimfikii."

Kesho yake Tekla alifunga biashara mapema, akanipitia, tukaingia kwake saa saba mchana. Abdiel alikuwa mkekani na chupa ya supu iliyochujwa, nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Mezani mume wa Tekla, Elisaria, alikuwa anakula ndizi na nyama kutoka kwenye hotipoti ile ile.

"Shikamoo, mama. Mtoto amekula nini?"

"Marahaba. Amekunywa supu yake, mwanangu. Nguvu yote ya mtori iko kwenye supu. Haya makapi, asiye na meno atayafanyia nini? Hata mumeo nilimlea hivyo."

Bibi simlaumu sana, ndivyo alivyofundishwa. Lakini Elisaria, mtu mzima aliyesoma, kula kila mchana huku mtoto anakifuata kijiko kwa macho! Huyo simtetei hata kidogo.

Tekla alimnyang'anya mumewe bakuli, akampakata mwanawe, akamlisha yaliyobaki. Abdiel alimeza haraka haraka; kijiko kikichelewa, analia. Na mama yake naye analia.

"Kuanzia kesho naenda naye kazini," Tekla alisema.

Elisaria akalitazama bakuli tupu.

"Sasa mimi mchana nitakula nini?"