Kakakuona wa Likizo

Kwenye kiwanda cha mikate walimwita Hamira, na jina hilo halikutoka hewani. Siku yake ya kwanza kazini msimamizi alimfokea mbele ya watu, akamwambia mikono yake haifai kukanda hata udongo. Kesho yake alifika kabla ya wote. Akafokewa tena, akarudi tena. Mwishowe mzee wa tanuri akasema, "Huyu ni hamira. Mgandamize upendavyo, ukigeuka kaumuka." Jina likamkaa, na mpaka leo ukimuuliza anaitwa nani, hilo ndilo analolitaja kwanza.

Basi mwanamke huyo ndiye aliyeolewa na fundi bomba mmoja aliyefiwa na mke, mwenye binti wa miaka tisa. Watu hawakukosa la kumwambia. "Mama wa kambo si mama," walimkumbusha, utadhani hakuwahi kuusikia msemo huo tangu azaliwe. Yeye alicheka. "Hata unga si mkate," aliwajibu, "na kuubadilisha ndiyo kazi yangu."

Kicheko hicho kilikauka mapema. Yule binti hakumtukana, hakuvunja kitu, na vyombo aliosha bila kuambiwa. Ila hakuwa na jina la kumwita. Si mama, si mama mdogo, hata "wewe" hakusema. Akitaka chumvi alimgeukia baba yake: "Baba, naomba uniombee chumvi," na chumvi yenyewe iko karibu na kiwiko cha Hamira. Baba akiwa kazini, binti alisimama mlangoni akingoja aonekane. Heri mtoto mtukutu, maana huyo unajua utamshika wapi.

Fundi bomba alikuwa na dada mkubwa, shangazi wa mtoto, mwanamke wa maneno machache na mkoba mkubwa. Hakuwa mtu mbaya, na mimi sitamsingizia. Alimpenda mtoto wa mdogo wake kwa dhati. Likizo ya shule ilipoanza alikuja, akaketi kwenye kiti kizuri, akasema lake.

"Wifi, sina ugomvi na wewe. Lakini mtoto hacheki. Tangu umeingia nyumba hii sijamsikia akicheka hata mara moja. Siku ya mwisho wa likizo nitakuja nimuulize. Akisema anataka kuhamia kwangu, namchukua siku hiyo hiyo."

Fundi bomba akatazama viatu vyake. Mtu huyu anaweza kuzibua bomba lolote lililoziba, lakini maneno yakimkwama kooni mwake mwenyewe hana chombo cha kuyatoa. Hamira akasema, "Sawa, wifi," akaingia jikoni kupanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ilimuuma. Alimtaka yule mtoto. Hakumtaka kwa ajili ya mume wala kwa kuogopa majirani. Alimtaka mwenyewe, pamoja na ukimya wake, na ile tabia yake ya kukata kingo za mkate na kuziweka pembeni azile mwisho.

Hapo ndipo alipokata shauri kuhusu sherehe. Marehemu mama wa binti alikuwa na desturi yake: kila mwaka likizo hii ikiisha aliwakusanya watoto wa jengo lote uani, na katikati ya meza alikaa mnyama mkubwa wa karatasi, aliyetengenezwa kwa puto na maboksi, akavikwa vipande vya magazeti vilivyochovywa kwenye gundi ya unga, tumbo lake limejaa vitu vitamu. Mwaka mmoja alikuwa twiga, mwaka mwingine kiboko. Wa mwisho, kobe, alikuwa bado juu ya kabati, na hakuna aliyethubutu kumgusa hata kumfuta vumbi.

"Sherehe si lazima," mume alimwambia kwa upole.

"Ni lazima," Hamira akajibu. Wakati wa kula akamgeukia binti. "Mwaka huu tutengeneze mnyama gani?"

Kijiko kikazunguka kwenye sahani. Kisha binti akamwambia baba yake, "Baba, mwambie kakakuona."

Baba akapaliwa na chakula. Kakakuona! Mnyama wa magamba kuanzia kichwani mpaka ncha ya mkia, gamba juu ya gamba. Hata mjinga angejua kwamba mtoto kamchagua mnyama huyo ili mtu ashindwe. Hamira hakuwa mjinga, lakini aliamua kulipokea jambo lile kama mteja kaagiza keki. "Mwambie atampata," alisema, akaendelea kula.

Kuanzia hapo alifunga kibwebwe. Kila alipotoka zamu alirudi na mifuko mitupu ya unga, ile ya karatasi ngumu ya kaki, aliyoiomba stoo. Puto likawa mwili, chupa ya plastiki ikawa pua, boksi lililokunjwa likawa mkia. Gundi aliipika mwenyewe, unga na maji, akikoroga mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Kisha yakaja magamba. Aliyabandika kuanzia mkiani kwenda kichwani, kila mstari ukifunika mizizi ya ule uliotangulia, kama mtu anayeezeka nyumba. Vidole vilimgandamana, mgongo ukamuuma, na magamba yake, tuseme ukweli, yalikuwa yamekaa upogo.

Alimkaribisha binti aje asaidie. Binti hakuja. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni na kitabu chake, na macho yake yalichungulia juu ya kitabu zaidi ya kusoma kurasa zake. Jioni moja, Hamira akipika gundi, mtoto aliinua kichwa, akatazama sufuria, akafungua mdomo kama mwenye neno. Hamira akaacha kukoroga, akasubiri. Mdomo ukafungwa, kitabu kikapanda juu kufunika uso.

Siku nyingine alirudi kazini akakuta mezani rundo la magamba yaliyokatwa vizuri, yamelingana, hayakuwa na upogo hata chembe. Hakuuliza. Aliyabandika yote upande wa mbele, mahali ambapo watu wangeyaona.

Siku moja kabla ya sherehe kakakuona alikuwa tayari, kajikunja kidogo kama anavyojikunja kakakuona halisi akiguswa, tumbo limejaa biskuti na karanga za sukari. Hamira alimweka kwenye meza karibu na dirisha la jikoni. Alilala akiwa na amani, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake la pili. La kwanza alikuwa bado halijui.

Asubuhi alikwenda kuchemsha maji ya chai, akamwona kakakuona anatembea.

Hapana, hakuwa anatembea. Magamba yalikuwa yanatembea. Sisimizi walikuwa wameingia kwa dirisha, mstari mweusi mnene, wakapanda mguu wa meza, wakamfunika mnyama mzima kutoka pua mpaka mkia. Wengine walitoka mdomoni mwake wamebeba punje za biskuti, wakipishana kwa adabu na wale waliokuwa wanaingia.

Hodi ikabishwa mlangoni. Shangazi alikuwa amekuja mapema kusaidia kupanga viti, mkoba mkubwa begani, mtupu. Alisimama jikoni akatazama.

"Wifi, nini hii?"

"Sisimizi," Hamira akajibu, maana hakukuwa na jibu jingine.

"Basi sherehe imekwisha kabla haijaanza. Pole." Hakuisema kwa kejeli. Aliisema kwa huruma, na huruma hiyo ilimkata Hamira maini kuliko kejeli yoyote.

Binti akatokea na nguo yake ya kulalia, nywele zimesimama. Hamira akapiga moyo konde, akajiandaa kwa machozi. Mtoto akasogea mpaka pua yake ikakaribia meza. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha kikatoka kicheko cha kutoka tumboni, kile ambacho mtu akianza hana breki.

"Wanamla!" akasema. "Kakakuona ndiye anayekula sisimizi! Sasa wao ndio wanamla yeye!"

Na alikuwa anamtazama Hamira. Hakumtazama baba, ambaye alikuwa ametokea na mswaki mdomoni akaganda hapo hapo, wala shangazi. Alimwambia yeye moja kwa moja, bila mkalimani. Hamira naye akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

"Lakini nimekosea wapi?" akauliza alipopata pumzi. Akabandua gamba moja, akaligusa kwa ncha ya ulimi. Tamu. Akatazama mikono yake kama mtu anayetazama wezi. "Sukari! Nimetia sukari kwenye gundi!"

Mazoea yana taabu. Mtu aliyekanda mikate mitamu miaka nenda rudi, akiona unga umekutana na maji, mkono unakwenda kwenye sukari wenyewe bila kuuliza kichwa. Usimcheke. Hata dereva akikaa kiti cha abiria hukanyaga breki ambayo haipo.

"Mama alikuwa anatia chumvi," binti akasema. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Alisema chumvi inazuia wadudu." Akatazama vidole vyake vya miguu. "Nilikuona unatia sukari. Kila ukipika. Nikanyamaza."

"Kwa nini, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Nilitaka aharibike."

Mswaki wa baba ukadondosha povu sakafuni. Hamira ilimchoma, tusidanganyane. Siku zote zile za kukata na kubandika, na mtoto anaangalia tu! Lakini akayakumbuka yale magamba yaliyolingana. Mkono uliotaka mnyama aharibike ndio uliomkatia mavazi mazuri kuliko yote. Mtu wa namna hiyo hajakukataa bado. Anabishana na nafsi yake.

"Mwakani upige kelele," akamwambia. "Ukiniona nashika kopo la sukari, piga kelele jengo zima lisikie. Umenielewa?"

Binti akainua macho. "Hata kama majirani wamelala?"

"Hata kama wamelala. Sasa nenda kavae. Watoto wanakuja mchana, na huyu mgonjwa wetu hana kitu tumboni."

Hapo nyumba ikachangamka. Fundi bomba, aliyefurahi kupata shughuli ya mikono badala ya maneno, alimpeleka kakakuona uani, akamtundika juani kwenye kamba ya nguo, akampigapiga na brashi mpaka sisimizi wakahama na mizigo yao. Wakampangusa kwa siki. Ubavu mmoja ulikuwa umepukutika, kwa hiyo binti akakata magamba mapya, na gundi ikapikwa upya, safari hii chumvi akiitia yeye mwenyewe. Kopo la sukari alilichukua akamwekea shangazi mapajani.

"Shangazi, shika hili. Usimpe."

Shangazi akalishika. Ulipofika wakati wa kukanda biskuti, ilibidi Hamira aombe sukari kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza, na shangazi akampimia kijiko kwa kijiko, uso mkavu kabisa. Ni kwenye kijiko cha mwisho tu ndipo midomo yake ilipomsaliti.

"Biskuti ziwe sisimizi," binti akaamuru.

Zikawa sisimizi: vidonge vitatu vya unga vilivyogandamizwa pamoja, na vipande vya zabibu kavu kuwa macho. Wengine walitoka tanurini wanene, wengine wamepinda, mmoja alikuwa na jicho mgongoni. Kwenye mdomo wa kakakuona wakafunga utepe mwekundu mrefu ukawa ulimi mpaka chini. Mchezo aliubuni binti mwenyewe, na sheria zake pia: unafungwa kitambaa machoni, unashika sisimizi mmoja, unaufuata ulimi kwa mkono wa pili mpaka umlishe mnyama. Ukimpata mdomoni, unakula wawili. Ukimtia sikioni, unakula mmoja na kuchekwa.

Mchana huo uani watu hawakusikilizana kwa kelele. Watoto walipiga mayowe, mmoja alimlisha fundi bomba badala ya kakakuona, na shangazi mwenyewe alifungwa kitambaa akaenda moja kwa moja mpaka ukutani. Hamira alikimbia kati ya tanuri na uani, unga mpaka kwenye nyusi. Kila kicheko cha yule binti alikisikia, popote kilipotokea. Lakini hakujidanganya: kicheko cha mchana mmoja hakikuwa jibu la swali la shangazi.

Jioni, viti vikiwa vimepangwa ukutani, shangazi alichukua mkoba wake. Alikuwa mtu wa neno lake.

"Mwanangu, njoo. Nilisema nitakuuliza, na sasa nakuuliza. Unataka kuja kukaa kwangu?"

Hamira alikuwa kwenye beseni la vyombo, amewapa mgongo. Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Alitamani kugeuka, hakugeuka.

Binti alifikiri, punje za biskuti kidevuni. "Nitakuja Jumamosi, shangazi. Nirudi Jumapili."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine siwezi. Nani atamwangalia Mama Sisimizi asitie sukari kwenye gundi?"

Alilitamka jina hilo kama linalojulikana siku zote, kama lililoandikwa mlangoni. Shangazi akamtazama, kisha akatazama ule mgongo kwenye beseni, ambao ulikuwa unatikisika. Akafungua mkoba wake mtupu. "Basi nijazieni sisimizi," akasema. "Siwezi kurudi mikono mitupu."

Baada ya wote kuondoka, binti alimbeba kakakuona mpaka chumbani, akavuta kiti karibu na kabati. Baba yake alikuwa mlangoni, mkono tayari umenyooka kumsaidia. Binti hakumtazama.

"Mama Sisimizi," akaita, "nishikie kiti, nimpandishe akae na kobe."

Hamira akaja mbio, mikono bado inachuruzika maji, akakishika.