Siku Tulizoziita za Wadudu

Wadudu wa ziwani huinuka majini asubuhi, wingu zima, na upepo ukielekea mjini huja kufia kwetu. Ukiwaponda wanatoa mafuta yenye harufu ya samaki aliyeshinda juani. Nimewatema, nimewachokonoa masikioni, nimewakuta ndani ya chai. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kupanda juu ya paa la jengo letu pale Igogo, Mwanza, kitambaa na kichupa cha spiriti mkononi, kuwafuta kwenye kioo cha mashine. Niliwachukia sana. Baadaye nilipata vitu vingine vya kuchukia, nikaacha kuwachukia.

Mashine yenyewe ilikuwa bomba fupi lililofungwa kwenye shingo inayozunguka, na kutwa nzima ililifuata jua. Mwanga wa jua ukishuka hupita kwenye hewa, na kila gesi hula rangi zake kidogo katika mwanga huo. Mashine ikiangalia rangi zilizopungua, inajua juu yetu kuna gesi gani za moshi na kwa kiasi gani, hata zikiwa chembe tu. Setilaiti hufanya kazi hiyohiyo kutoka angani, ikipita mara moja kwa siku, kama saa saba na nusu mchana. Lakini kitu kilicho mbali vile hudanganywa na wingu, na vumbi, na maji yanayong'aa. Ndiyo maana sisi tuliwekwa chini: tulinganishe hesabu yake na yetu, kisha tuwaambie wenye setilaiti, huko nchi za mbali, inakosea wapi. Basi. Tuliajiriwa kusema inakosea wapi.

Dada yangu, ambaye ndiye aliyenilea mama alipofariki, alikuwa akikaanga samaki wa kuuza chini kidogo ya jengo lile. Mbele ya kibanda chake kulikuwa na korongo lililogeuzwa jalala. Kila uchafu uliingia mle: nailoni, matairi, nepi za watoto, na mapanki yaliyooza, ile mifupa ya sangara iliyokwisha kukatwa minofu. Kisha vyote vinatiwa moto, na moto wa jalala hauwaki wala hauzimiki. Unafuka. Moshi wake ni wa kijivu, mzito, unanata kooni, na una utamutamu wa kuoza ambao hata sasa nikiukumbuka natafuta pa kutemea mate. Dada aliupumua toka asubuhi mpaka jioni. Kikohozi kilimwanza kama mzaha, kikahamia kabisa.

"Shikamoo dada," nilimwambia siku moja nikipita.

"Marahaba, mdogo wangu. Hiyo mashine yenu huko juu, huu moshi inauonaga?"

"Inauona."

"Na inaandikaga?"

"Inaandika, dada."

Siku hiyo nilisema kweli. Upepo ukitokea korongoni, moshi ulipita kati ya mashine na jua, na namba zetu zilipanda hadi nikadhani kuna waya umelegea. Setilaiti, siku hizohizo, haikuona kitu. Siilaumu. Jicho lake halioni korongo. Linaona kipande kimoja cha nchi, kilomita kadhaa huku na kilomita kadhaa kule, na zaidi ya nusu ya kipande chetu ilikuwa ziwa. Ilichanganya moshi wa dada yangu na hewa ya maji matupu, ikapata wastani, ikaenda zake.

Hilo ndilo lilikuwa jambo la kuwaandikia wenye setilaiti. Mkuu wetu hakutaka. Alikuwa mtu mnadhifu, shati jeupe kila siku, leso puani akipita karibu na jalala. Nilipomwonyesha grafu, nukta zetu zimetawanyika mbali na mstari wa kukubaliana na setilaiti, alikunja uso utadhani mimi ndiye ninayenuka.

"Bwana mdogo, wakiona hivi watasema kituo chetu kibovu. Mashine wataipeleka mji mwingine."

"Ni moshi wa pale chini, mzee."

"Moshi haumo kwenye orodha."

Orodha aliyoisema ilikuwa kwenye daftari la kituo: sababu za kuitupa siku isiingie kwenye ulinganisho. Mawingu. Umeme kukatika. Wadudu. Hiyo ya mwisho tuliiongeza sisi wenyewe, na wale wa mbali waliifurahia. Walikuwa hawajasikia kitu kama hicho, wakaomba picha. Na kweli, kioo kikijaa wadudu namba zinaharibika, siku hiyo unaitupa kwa haki. Hakuna mtu ng'ambo ambaye angeuliza swali.

"Andika wadudu," mkuu akasema. "Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikaandika. Nikaandika tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Niliandika wadudu siku ambazo upepo ulivuma toka nchi kavu na hapakuwa na mdudu hata mmoja wa dawa. Ikafika mahali nikisikia harufu ya nailoni inayoungua, mkono unakwenda wenyewe kwenye neno lile. Nukta zikakaa kwenye mstari vizuri ajabu. Watu waliotaka kujua chombo chao kinakosea wapi, tukawapelekea zile siku ambazo hakikosei. Wakatupongeza kwa barua ndefu. Mkuu akaagiza keki, na wadudu, wa kweli safari hii, wakatua juu ya sukari yake. Tukawatoa kwa kijiko, tukala.

Wakati huo wanawake wa korongoni walikuwa wameandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, jalala lihamishwe. Dada ndiye aliyezunguka kukusanya sahihi, akipumzika kila baada ya nyumba mbili tatu ili apate pumzi. Mkutano ukaitishwa Jumamosi asubuhi, chini ya turubai.

"Uje," aliniambia. "Wewe ndiye unajua mambo ya hewa. Ukisema wewe watasikia."

Nilimwahidi kuja. Kusema sikumwahidi, na niliona nimekuwa mjanja.

Mkuu naye alialikwa. Alikuja na karatasi zenye ramani ya rangi, Mwanza yote buluu, akasoma kwa sauti ya kanisani: setilaiti imepima, kituo cha chini kimehakiki, vipimo vinakubaliana, hewa ya eneo hili ni nzuri. Moshi ulikuwa unapita palepale juu ya turubai. Mara mbili alikatiza kusoma akakohoa, akafuta mdomo kwa leso, akaendelea na sentensi.

"Sasa hiki tunachonusa ni ubani?" mama mmoja wa nyuma akauliza. Watu wakacheka.

Mkuu hakukasirika. Alininyooshea mkono. "Mimi niko ofisini tu. Aliyepima ni kijana wenu huyu, ndugu yake mama aliyeleta barua. Muulizeni."

Kicheko kikakatika. Dada akanigeukia, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na swali tu.

"Ni kweli, mdogo wangu? Ni wewe ulipima?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, moshi, na mkutano mzima ungesimama. Nilimwona mkuu akikunja leso yake vizuri, pembe kwa pembe.

"Ndiyo, dada. Nilipima mimi."

Kinachonitia kichefuchefu mpaka leo ni kwamba ukilichunguza jibu lile, hutalipata na uongo.

Dada alisimama, akajifunga khanga upya. "Basi jamani," akasema, "huyu nimemlea mimi. Hajawahi kunidanganya hata siku moja. Kama amepima yeye, tusimsumbue mwenyekiti." Akaenda mezani, akaichukua barua yenye sahihi za watu wote, akaikunja akaiweka kifuani. Wengine walinung'unika kidogo, wakaanza kukung'uta viti. Saa nne na nusu turubai lilikuwa linashushwa.

Nilimsindikiza. Tulipofika ukingo wa korongo kikohozi kilimshika, akanishika bega, akainama mpaka kikapita. Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua.

Akaniwahi yeye. "Usisikitike, baba," alisema, akifuta machozi ya kikohozi. "Kumbe ni kifua changu tu kibovu. Nilikuwa naisingiziaga hewa ya watu."

Nikamwambia anywe maji ya tangawizi.