Nilivyomwacha baba mkwe ndani ya gari iliyokufa kwenye kona, eti namheshimu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hili nalisimulia nikiwa na akili zangu timamu. Anayetaka kubisha aje Tarime nimwonyeshe kovu la mkononi. Picha za gari sina, msinisumbue kwa picha. Mkifika katikati ya uzi mtaelewa kwa nini hakuna aliyekumbuka simu siku ile.

Mimi nina duka la dawa za mifugo hapa mjini. Kila siku nawahubiria wafugaji. Mzee, usisubiri ng'ombe aanguke ndiyo ukimbilie dukani. Ogesha kwa wakati, chanja kwa wakati, mwangalie kila asubuhi kabla hajatoka zizini. Nina sauti nzuri ya kuhubiri, wengine huwa wanainamisha vichwa kabisa.

Sasa mhubiri huyohuyo ana gari.

Ni hivi vigari vidogo mnavyoviita baby walker. Nyeusi. Nilikuwa naiosha kila Jumamosi mpaka inang'aa, nikaiwekea taa za bluu chini ya uvungu, na kwenye shimo la spea tairi nikawekewa spika. Spea tairi yenyewe ilibaki nyuma ya nyumba, kuku akaona isikae bure, akawa anatagia humo.

Triangle, ile ya kuweka barabarani gari ikiharibika, nilikuwa nayo, msinitukane. Tatizo ilikuwa inaazimwa mtaani kama sufuria ya msibani. Kila mwenye gari akisikia trafiki wako njiani, anakuja kwangu kuichukua. Siku ya tukio sijui ilikuwa kwa nani.

Halafu kila asubuhi palikuwa na kidimbwi chini ya gari. Fundi wangu, jamaa anaitwa Juma, aliinama mara moja tu akasema, "Paipu ya rejeta imechoka. Badilisha. Na uwe unaangalia maji kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi."

Nikamwambia nitarudi wiki ijayo. Moyoni nikasema huyu anatafuta hela ya mboga, hayo ni maji ya AC.

AC ya gari ile haijawahi kufanya kazi tangu niinunue.

Tuendelee.

Nilikuwa na mchumba wa Kisaka, kule wilaya ya Serengeti. Anaitwa Bhoke. Kwetu sisi ni Nyanungu. Mahari kwetu ni ng'ombe, mnajua, na watu wa upande wa binti hawangoji kuletewa kama mzigo wa basi. Wanakuja wenyewe zizini, wanawaangalia mmoja mmoja, wanachagua.

Baba yake Bhoke alishagoma kuja mara mbili. Alisema yule kijana hana ng'ombe, ana makopo ya dawa. Na kulikuwa na jamaa mwingine wa kulekule Kisaka, mwenye zizi la kueleweka, ambaye alikuwa anasubiri tu mimi nishindwe.

Safari hii mzee akakubali. Akiridhika na ng'ombe wa baba yangu, Bhoke ni wangu. Asiporidhika, kwaheri ya kuonana. Bhoke mwenyewe alinipigia simu asubuhi akaniambia, "Tafadhali, leo usifanye mambo yako."

Mambo yangu yalikuwa ni kujitolea kwenda kumchukua mzee kwa gari. Wazee walishapanga usafiri wao. Mimi nilitaka sifa.

Wasiotoka Mara niwape darasa dogo. Kwenye ukoo wetu baba mkwe si mtu wa kupiga naye stori. Humkazii macho, humgusi, humwagizi kitu. Ukiwa na jambo unampa mtu wa kati, yeye ndiye anayelifikisha. Mtu wa kati siku hiyo alikuwa baba mdogo Wambura, mdogo wake mzee. Baba mdogo ni mcheshi, unaweza kuongea naye bila magoti kugongana.

Tukatoka Kisaka mchana, jua kali. Mzee kakaa siti ya nyuma na koti lake zito na kofia, mikono juu ya fimbo. Baba mdogo kakaa mbele na mimi. Muziki nimezima kwa adabu.

Tulipovuka mto Mara, mshale wa joto ukaanza kupanda.

Wakuu, niliuona. Nisiseme uongo hapa, niliuona vizuri kabisa. Kitu sahihi kilikuwa kusimama palepale kwenye uwazi, kuzima injini na kuacha ipoe. Lakini nisimame, nimwambie nani? Mzee ambaye tayari anasema mimi ni mtu wa makopo?

Nikaendelea. Nikawa namwomba Mungu na kukanyaga mafuta kwa pamoja. Wakati huo baba mdogo ananusa kama mtu aliyeingia jikoni.

"Mura," akaniita, ndiyo kijana kwa lugha ya kwetu, "kuna kitu kinaungua?"

"Hapana baba mdogo, ni majani ya huko nje."

Mshale ukafika kwenye rangi nyekundu. Tukateremka kilima, tukakata kona, na hapohapo mbele kidogo ya kona gari ikatoa mvuke kwenye boneti, ikakohoa, ikafa. Katikati ya njia yetu. Anayekuja nyuma yetu hawezi kutuona mpaka awe ameshakata kona.

Nikawasha hazard. Za mbele zikawaka. Za nyuma globu zilikufa zamani. Taa za bluu za uvunguni zilikuwa nzima zote.

Pembeni kulikuwa na nafasi nzuri tu ya kuisukumia gari. Ila huwezi kusukuma gari yenye mzee ndani, na mzee lazima ashuke. Nikamnong'oneza baba mdogo, "Tafadhali mwombe mzee ashuke tuisogeze."

Baba mdogo akageuka, wakaongea kwa lugha yao, akanirudia. "Anasema yeye ameletwa kwa gari kwenda kuangalia ng'ombe. Hajaja kusimama kwenye majani."

Basi. Nikaliacha. Nikasema heshima kwanza.

Kosa lingine likafuata. Kwa haraka ya kumaliza aibu nikafungua boneti, nikachukua kitambaa, nikafungua mfuniko wa rejeta ikiwa bado inachemka. Maji yakaruka na mvuke wake, yakanipiga mkono kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko.

Mwanaume wa kwetu halii mbele ya watu, na mbele ya baba mkwe ndiyo kabisa. Nilisimama nyuma ya boneti iliyofunguliwa, nikauma kola ya shati, nikalia bila sauti. Kama umewahi kuungua na maji ya rejeta unajua ni maumivu gani hayo. Ingenigharimu nusu saa tu kusubiri.

Baba mdogo akaona nimeumia, akachukua kidumu akasema anashuka bondeni kutafuta maji. Akaondoka.

Yaani mtu wa kati ameondoka, wakuu. Nimebaki mimi na mzee, na hakuna wa kupeleka ujumbe.

Triangle hakuna, nikafanya kama tunavyofanya wote huku. Nikakata matawi yenye majani mabichi nikayapanga barabarani kuanzia kwenye kona mpaka nyuma ya gari. Yalipangika vizuri hata kwa mkono mmoja, nikajisifu.

Akapita mama mmoja na mbuzi wake, kama ishirini hivi. Mama wa makamo, kanga kiunoni, fimbo begani. Akasimama kunitazama nikipepea mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeungua? Pole." Akachungulia ndani ya gari. "Sasa mura, mbona mzee umemwacha ndani, barabarani katikati?"

"Ni baba mkwe wangu, mama. Nashindwa kumwambia ashuke."

Yule mama akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Eeh. Na lori likija, litampigia magoti?"

Nikaanza kumweleza kwamba nimeweka matawi, dereva yeyote ataona, nikageuka kumwonyesha.

Matawi hakuna. Mbuzi wameyamaliza. Wawili walikuwa wanagombania lile la mwisho, la kwenye kona.

"Ulikuwa umewawekea?" akauliza mama.

Hapo ndipo tukasikia lori. Lilikuwa linateremka kilima, mzigo wa ndizi, breki zinalia. Bado hatulioni. Mama akaanza kuwaswaga mbuzi wake watoke barabarani, na mimi nikawa nimesimama kama nguzo.

Nawaambia kilichopita kichwani mwangu kwa zile sekunde, na sijivunii. Nilimtafuta baba mdogo kwa macho. Nilitaka aje amwambie mzee. Lori linakuja na mimi natafuta mtu wa kati.

Nikamwona mzee kupitia kioo. Kafumba macho, kidevu juu ya fimbo, kichwa kimeinama kidogo. Nikamfikiria Bhoke akipokea simu.

Nikakimbia, nikafungua mlango.

"SHUKA! Mzee, shuka! Shuka haraka!"

Akafungua macho akanitazama. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumpigia kelele tangu awe mtu mzima. Hakusogea. Nikamkamata koti kwa mkono mzima na ule ulioungua, nikamvuta kama mtu anayetoa ndama mtaroni, tukaenda chini wote wawili mpaka kwenye mfereji, fimbo huko, kofia kule, mimi juu yake.

Juu ya baba mkwe, wakuu. Nimemlalia.

Lori likakata kona. Dereva alijitahidi, Mungu ambariki, alilivuta kulia ikabaki kidogo tu aikwepe gari. Likagonga nyuma, palepale alipokuwa amekaa mzee. Ule mlio sitausahau. Gari ikazunguka, ndizi zikamwagika, vioo vikaanguka kama mvua.

Halafu mbuzi wakaanza kula ndizi.

Dereva wa lori alitoka mzima. Mama yule mzima, mbuzi wake wote wazima. Nikanyanyuka nikamsaidia mzee kusimama, nikaona siti ya nyuma ilivyokuwa. Ilikuwa imejikunja mpaka imegusana na ya mbele. Nikakaa chini, na machozi safari hii yalitoka na sauti yake. Nilikuwa nimekaribia kumuua baba yake Bhoke kwa adabu.

Mzee akajipangusa vumbi. Akaitazama ile siti muda mrefu. Akasema neno moja tu.

"Kofia."

Nikamwokotea.

Baba mdogo akatokea bondeni anahema, kidumu begani. "Maji haya hapa," akasema. "Gari iko wapi?"

Mambo ya polisi na dereva yalichukua muda, nayaruka, yalikwisha kwa amani. Tukapata usafiri mwingine mpaka Nyanungu. Mimi nilishajihesabu nimekosa mke. Nimempigia kelele, nimemshika, nimemlalia. Hata yule jamaa mwenye zizi kubwa asingehitaji tena kushindana na mtu.

Tukafika kwa baba yangu jua likiwa bado lipo. Wazee wamekusanyika, wamesikia kuna ajali. Mzee akakaa, akapewa maji, akanywa polepole. Watu wote wanasubiri.

Akasema, "Tumepona. Huyu kijana alikuwa amesimama anaduwaa barabarani. Nikamwambia tushuke. Hasikii. Ikabidi nimkamate mkono nimvute mtaroni."

Wakuu, nilihisi macho ya ukoo mzima yananigeukia. Baba yangu mzazi alinitazama kama vile anataka kumwazimisha jirani mimi nisirudi. Shangazi mmoja akatikisa kichwa.

Nikajibu, "Ndiyo, baba. Asante."

Mzee akaninyanyulia macho, mara moja tu, akayashusha. Kisha akaomba apelekwe zizini.

Akachagua ng'ombe wote wa mahari bila kubishana, pamoja na jike mmoja ambaye mama yangu alikuwa amemficha nyuma ya nyumba.

Bhoke ni mke wangu leo. Mambo ya gari nimejifunza kama mtoto wa darasa la kwanza. Asubuhi kabla sijawasha naangalia maji na oil, injini ya baridi. Nakagua tairi, breki na taa zote, za nyuma kwanza. Spea tairi imerudi kwenye shimo lake. Triangle zipo mbili, na anayekuja kuazima namwonyesha kovu. Mshale ukipanda nasimama, hata nikiwa nimembeba nani. Na gari ikifa barabarani, kitu cha kwanza ni watu kutoka ndani na kukaa mbali na barabara, mengine yanasubiri. Hata kama ni askofu, mwambie ashuke. Mfuniko wa rejeta muulize mwenye kovu.

Na huko dukani siku hizi nahubiri kwa sauti ya chini kidogo.

Ile stori mzee anaisimulia kila penye watu. Misibani, kwenye harusi, mnadani. Kila akirudia anakuwa na nguvu zaidi na mimi nakuwa mjinga zaidi. Mara ya mwisho alisema alinibeba begani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka mpaka akakohoa, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikimwangalia anavyocheka. Kuna mahali angekuwa hivi sasa, na pasingekuwa na mtu wa kusimulia chochote. Aongeze chumvi anavyotaka.

Haya, karibuni. Wa kunitukana mtukane kwa mpangilio, wenye yaliyowakuta na wakwe zao barabarani wamwage hapa tujifunze.

Na kama mzee naye amejiunga humu kwa jina la bandia: shikamoo baba. Ni kweli kabisa, wewe ndiye uliyenivuta.