Dereva wa Mwalimu

Mwalimu wa pikipiki hukaa nyuma ya mwanafunzi wake amekunja mikono kifuani, kama bibi harusi aliyesusa. Sauti yake ni nyembamba, lakini hupenya kofia ngumu. "Kibao hakuna, mama, ila sheria ipo. Ukiona milango imeelekea barabara, hayo ni makazi. Usizidi hamsini." Kila wakifika penye nyumba mwalimu huguna, na mama hupunguza mwendo. Kesho ni mtihani. Akifeli, kazi ya kusambaza mikate anapewa mwingine, na mume aliyemkimbia atapata cha kusimulia vijiweni.

Leo mashamba yaliisha ghafla, nyumba zikaanza kubanana, na mguno haukusikika. Mama alikuwa ameshapunguza mafuta mwenyewe. Lori likawapigia honi, likawapita. "We mama, umelala?" dereva wa lori akafoka.

Mwalimu, mtu asiyepaza sauti hata akichomwa mwiba, akasimama wima juu ya vikanyagio. "Mwache dereva wangu! Yeye anaijua barabara, wewe unajua honi tu!"

Dereva! Mama alicheka mpaka kioo cha kofia kikaingia ukungu.