Mkanda Mpya Hukazwa Mara Mbili

Saa nne asubuhi, Jael Nekesa anabonyeza mkanda mpya wa feni kwa kidole gumba, simu ameibana kati ya sikio na bega. Mkanda ulio mbele yake ni wa pikapu ya Morris, muuza magodoro. Unaomkosesha raha uko barabara ya Nairobi.

"Hapatikani," anasema, akiitia simu mfukoni. Hata dakika haijapita, ameitoa tena.

Jael ni fundi wa magari kando ya barabara hapa Tononoka. Mapema leo alimfungia mkanda mpya Owais, mwenye duka la vitambaa Mji wa Kale, ambaye anampeleka mamake, Bi Sanober, Nairobi. Kesho mama atapasuliwa jicho. Miadi hiyo wameingoja tangu mwaka jana, na jicho la pili halioni tena.

"Mkanda mpya hunyooka ukishafanya kazi," Jael anaeleza. "Unafunga, unaliacha gari lingurume kidogo, unazima, unakaza tena. Owais hakungoja. Nimeinama kutafuta spana, nikasikia gari hilo laenda."

Mkanda ukilegea, altaneta haichaji betri, na pampu ya maji haizunguki vizuri, injini ikachemka. Likiwakuta hilo katika nyika ya Taru, mama hatafika kwa daktari.

Jael alitoka Bungoma kumfuata mumewe aliyekuwa kibarua bandarini, akajifunza ufundi katika gereji moja karibu na Buxton. Siku njema hubaki na shilingi elfu moja. Siku ya mvua hurudi nyumbani Tudor mikono mitupu.

"Wengine wakiniona huuliza fundi yuko wapi. Nawaambia ametoka kidogo, ameacha mikono."

"Na huo wangu unaukaza au unaunyonga?" Morris anadakia.

Jael anabonyeza. Mkanda haubonyei hata kidogo. Anaulegeza haraka, maana ukikazwa mno huua beringi za altaneta.

"Samahani, Morris. Mawazo hayako hapa."

Tumaini lake ni moja. Wasafiri wengi wa Pwani hawaupiti msikiti wa Mackinnon Road bila kusimama kuomba dua. "Mimi ni wa kanisani, lakini leo namshukuru Mungu kwa msikiti huo. Hapo atasimama, ataishika simu."

Simu inalia.

"Dada Jael," ni Owais, "tuko hapa msikitini. Taa ya betri imewaka njiani."

"Zima gari, ufunguo utie mfukoni. Spana ziko chini ya kiti, nimeziona."

Sauti ya mama inaingia. "Mwanangu, huyu ameshika spana kama kijiko cha biriani!"

"Mama, mshikie simu sikioni. Owais, legeza bolti mbili za altaneta, ya juu na ya chini. Isukume nje kwa mpini wa jeki. Ishikilie hapo hapo, kaza. Usiguse rejeta, utaungua."

Chuma kinagonga chuma. Mtu anasema "Ya Rabbi."

"Bonyeza katikati ya mkanda. Unabonyea kiasi gani?"

"Kama unene wa kidole."

"Basi washa."

Jael amefumba macho. Hata Morris ameacha kutania.

"Imezima!" Ni Bi Sanober anayepiga kelele. "Taa imezima, nimeiona mwenyewe kwa jicho langu hili bovu!"

"Nendeni na Mungu, mama. Mkifika Voi aubonyeze tena."

Jael anaegemea pikapu, anajipangusa uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Simlaumu," anasema. "Mamake alikuwa anaungua jua ndani ya gari, nami sina mahali pa kumketisha mtu mzima."

Jioni hii ataenda kwa seremala wa Tudor kuagiza benchi, na turubai la kivuli atalishona mwenyewe. Anataka vyote viwe tayari kabla ya Ramadhani, kabla safari za Idi hazijaanza. "Mtu akiketi vizuri, atangoja."

Morris ameshapanda pikapu yake, anatafuta ufunguo. Jael amekwisha kuuchomoa.

"Shuka," anamwambia. "Mkanda wako bado mara ya pili."