Abdallah wa Kwenye Karatasi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyorudi Kahama kutoka Usumbura, mji uliokuwa chini ya Wabelgiji, nimenuna hata salamu sitaki. Mimi na rafiki yangu Bakari tulitaka kufungua kampuni kule ng'ambo, tuuze mchele wa kwetu. Mchele umeshafika, Bakari anaulinda na mvua, leseni ndiyo hakuna.

Karani wa kule hakunionea. Alitaka ombi la leseni, stakabadhi ya kodi ya kwetu, na barua ya boma la kwetu kwamba wananijua. Stakabadhi ilisema Shija wa Masanja. Ombi nimeandika Salum bin Abdallah. Salum ni mimi kweli, jina nililopewa niliposilimu. Lakini Abdallah? Nilimzua! Nilikuwa kijana wa kujipamba, nikaona haya watu wa mjini wajue baba yangu ni Msukuma wa ng'ombe na jembe.

"Hawa ni watu wawili," karani akasema. "Rudi kwenu, aje anayekujua."

Basi baba akaitwa bomani Kahama. Alitembea siku mbili. Karani wetu akamsomea ombi langu lote, na hilo jina la Abdallah ndani yake. Loo, nilitamani ardhi inimeze! Akisema hanijui, kampuni imekufa, na mimi sina baba.

Mzee akanishika bega.

"Huyu ni Shija wangu," akasema. "Amezaliwa nyuma ya Kulwa na Doto, mapacha wangu, ndiyo maana akaitwa Shija." Kisha akamgeukia karani. "Na huyo Abdallah yuko wapi? Nataka kumshukuru kwa kunilelea."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nililia, tena mbele za watu. Barua ikaandikwa: Salum, ndiye Shija, mwana wa Masanja. Leseni nikapata. Mchele kidogo uliota ukungu, na Bakari alinisema kwa hilo mpaka uzeeni.

Sasa wewe unataka kufungua biashara ugenini. Vizuri, nenda. Ila kabla hujafunga mzigo, uliza wenyeji wanataka karatasi gani, leseni ipi, na nani akuthibitishe. Usitangulize mali. Jina lako liwe moja kila mahali, na mzazi wako mwandike alivyo, hata kama hajui kusoma alivyoandikwa.

Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, na watakapokuuliza kule wewe ni mtoto wa nani, akupe kujibu kwa sauti.