Aliyenivusha Daraja la Garissa

Ndugu zangu, assalamu alaykum.

Leo mgeni wangu ndiye aliyenidhamini ili niende kwetu.

Mgeni huyo ni Ilunga, Mkongomani ninayesoma naye Kampala. Nilimwalika kwenye arusi ya dada yangu, keshokutwa, kwetu Hadado.

Mwezi mzima nilimhangaikia: viza ya Kenya, barua ya chuo, ruhusa ya kurudi Uganda. Mwanafunzi wa kigeni akiikosa hiyo ya mwisho, masomo yake yamekwisha.

Basi letu la kutoka Nairobi liliposimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, daraja la Garissa, askari alizitazama karatasi za Ilunga akatabasamu.

"Karibu Kenya, kijana."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe umetoka nchi gani?"

"Hadado, afande. Wajir."

Nikampa kitambulisho. Akataka na kadi ya uchunguzi, ile ya kuthibitisha uraia, tunayodaiwa Wakenya Wasomali peke yetu. Mimi niliyemkumbusha Ilunga kila kitu, yangu nimeiacha Kampala.

"Shuka. Utarudi Nairobi."

Nikaiona arusi ikinipita.

Ilunga akaikunjua barua yangu ya mwaliko, taratibu.

"Afande, aliyenialika ndiye huyu. Kama yeye si Mkenya, mimi mmenipa viza ya kumtembelea nani?"

Askari akaisoma, akanitazama, akacheka kidogo.

"Haya, pandeni."

Tulipokwisha kuvuka mto, Ilunga akaniuliza, wala hakuwa akitania:

"Ndugu yangu, viza ya kwenda kwenu huwa unaiomba wapi?"

Nyinyi mngemjibuje?